Tonge la Sengu

Otilia alipobandua kitambaa mguuni, kipande cha ngozi kilitoka nacho. Hakulia. Alikifua kitambaa kwenye sufuria yake mwenyewe, akakianika juu ya jiwe, kwa kuwa kamba ya nguo ilikuwa ya mkamwana wake, Flavia.

"Mama, kuna uji," Flavia alisema mlangoni.

"Anza kunywa wewe."

"Nimeshakunywa."

"Sikukuona. Na wewe macho yako hupika kabla ya mikono."

Ndivyo Otilia alivyokuwa tangu aolewe. Kila alipogombana na mtu alihamisha mafiga yake, na aligombana na wote. Aliwahi kumwita wifi yake mwizi wa kuku. Kuku akaonekana, naye hakuomba radhi. Sasa alikuwa mzee, na alimwambia kila mtu kwamba Flavia anamroga. Jembe lilimkata akifukia majani kwenye ngolo, mashimo ya kulimia mteremkoni, na kidonda kilikuwa kimepanda karibu na goti.

Mwanawe, Hyasinti, alimpeleka zahanati. Mganga Tumsifu, aliyehamishiwa huku kutoka Upareni, hakumwamkia. Bomba la sindano lilikuwa tayari mkononi.

"Dawa hiyo umeitoa wapi?" Otilia aliuliza.

"Kwenye chupa, bibi. Ulitaka itoke kisimani?"

"Leta chupa nyingine. Ifungue mbele yangu."

Tumsifu aliangalia kabati. Lilikuwa tupu. Siku hizi dawa za serikali ziliishia kwenye duka la mkewe, ng'ambo ya njia. Akaimwaga ile ya bombani dirishani.

"Ni kichaa?" Hyasinti aliuliza.

"Kichaa ningemwandikia. Hii ni tabia, na tabia haina dawa. Mpeleke Mbinga kabla mguu haujamwua."

Jioni wanaume wa ukoo walikusanyika sengu, kula pamoja na kuamua mambo ya nyumba. Otilia aliitwa. Ignatio, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye aliyekuwa mkuu.

"Shemeji," alisema, "unamtangaza mkamwana kijiji kizima kuwa mchawi. Leo utakula cha mkono wake mbele yetu. Ukimeza, kesho Hyasinti atakupakia kwenye gari la mnunuzi wa kahawa, uende hospitali. Usipomeza, mchawi ni wewe."

"Nitakula," Otilia alisema. Alitaka kupona.

Flavia aliweka ugali na maharage. "Karibu, mama."

Otilia alimega tonge. Akaligeuza upande huu, akaligeuza upande ule.

"Anatafuta chura!" alisema Alphonce, kijana mmoja wa ukoo, na wanaume wakacheka.

Akalitia mdomoni, akatafuna. Aliliambia koo lake limeze. Alifumba macho, akaukumbuka mguu, akaliambia tena. Tonge likabaki shavuni.

"Fungua mdomo," Ignatio alisema.

Otilia akatikisa kichwa.

Hyasinti aliinuka. Akambana mama yake mashavu kwa vidole, kama mbuzi anayenyweshwa dawa, mpaka midomo ikaachana. Tonge likaanguka mavumbini.

"Basi," Ignatio alisema, akivuta bakuli kwake. "Atakaa kibanda cha shambani. Ngolo zake atalima Hyasinti. Mnakula, au mnamwangalia?"

Wakala.

Asubuhi pikapu ya mnunuzi ilipofika, Otilia alikuwa ameshapanda kutoka shambani. Alikuwa amenawa uso na kuvaa gauni la kanisani.

"Nilitafuna," alimwambia mwanawe. "Ulinibana kabla sijamaliza."

"Hukumeza, mama."

"Leo nitameza. Mwite mkeo alete chochote."

Flavia alikuwa karibu, ameshika ncha ya kamba ya kufungia magunia ya kahawa. Alimtazama mumewe.

"Bibi anakwenda?" dereva aliuliza. "Nafasi ni moja tu pale nyuma."

Hyasinti aliinua gunia la mwisho, akaliweka pale. Akalifunga kamba mara mbili, akalifunika turubai vizuri, maana mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika na kahawa ikilowa haina bei.

"Pisha, bibi," dereva alisema.

Otilia alipisha. Gari lilipoondoka, naye akashika barabara ileile ya Mbinga, akiuburuta mguu. Kuku wawili wa jirani wakamfuata, wakidonoa kila kilichodondoka kutoka kwenye kitambaa.