Jina Chini ya Habari

Bosi wetu tulimwita Fastafasta, maana kila kitu alikitaka jana. Kampuni yetu inauza vyerehani, na kazi yangu ni kuandika habari za wateja kwenye tovuti: fulani kanunua, anashona nini, anaendeleaje. Watu husoma, hushawishika, hununua. Ni biashara, sikatai. Ila nina utaratibu wangu ambao sijawahi kuuvunja: habari ya mtu haitoki kabla sijamsomea mwenyewe, kwa sauti, nikimtazama usoni.

Fastafasta hakuupenda utaratibu huo hata kidogo. Akaleta programu ya kuandikia. Unaipa simu za wateja zilizorekodiwa, unakwenda kunywa maji, ukirudi unakuta habari tayari. Na kusema kweli inaandika vizuri, shetani yule. Matangazo ya bei, maelezo ya sindano, barua pepe za kila wiki, vyote nimeiachia na wala sijavililia.

Asubuhi moja bosi akanitumia habari iliyoandikwa na programu, ya Mama Vifungo, fundi cherehani anayejulikana mji mzima.

"Weka jina lako itoke leo," akasema.

Nikasoma. Mama Vifungo anafurahi, anashukuru, maisha yake yamebadilika, analala usingizi mnono. Nikachukua mkoba.

"Unakwenda wapi?"

"Kumsomea."

"Dada, wenzetu wanatupiga bao, wewe unakwenda kuwasomea watu hadithi?"

"Ndiyo, nakwenda."

Mama Vifungo nilimkuta kwenye chumba chake cha kazi, vitambaa vimejaa hadi dirishani, mguu kwenye pedali. Nikawa nasoma huku anashona. Nilipofika kwenye usingizi mnono, mguu ukasimama.

"Mwanangu, huyo unayemsoma ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi nilipiga simu kulalamika. Cherehani chenu kwa kitambaa chepesi sina neno nacho. Kikifika kwenye jinzi kinakata uzi na kunipandisha presha. Niliyasema hayo, tena kwa adabu." Akang'ata uzi. "Mafundi wa mtaa huu wananiuliza mimi kabla ya kununua. Wakisoma hayo, wakanunua, wakakwama, watakuja kugonga mlango wa nani? Wa kompyuta yenu?"

Niliona haya, na hasira ikanipanda, ingawa si kwake. Nikamwomba aseme upya. Nikaandika maneno yake yalivyo, kisha nikamsomea. Aliniambia niondoe neno moja tu, eti lina majivuno.

"Hapo sawa," akasema. "Huyo sasa ni mimi."

Ofisini, Fastafasta alikuwa ananisubiri, kavimba. Kwenye skrini yake ile habari ya programu imeshapangwa, picha ipo, imebaki nafasi ya jina la mwandishi.

"Andika jina tumalize."

"Siandiki."

"Basi kazi huitaki."

"Naitaka sana. Nina watoto, na matumbo yao hayajui likizo. Lakini jina langu silikodishi kwa maneno ambayo mtu hakuyasema."

Hata mhasibu, ambaye huwa hana habari na mtu, aligeuza kiti.

"Ni jina tu hilo," akasema Fastafasta.

"Kama ni jina tu, weka lako."

Akacheka. Akavuta kibodi, akaandika herufi ya kwanza ya jina lake, na nyingine, na nyingine. Nilisimama palepale, mkoba begani, nikijua akimaliza ndiyo basi tena, naondoka. Kabla hajamaliza akairudia ile habari, safari hii taratibu, midomo ikicheza.

"Huyu mama alisema hivi kweli?"

"Hakusema."

"Na mafundi wanamsikiliza?"

"Mtaa mzima."

Akafuta herufi zake mojamoja hadi nafasi ikabaki tupu. Kisha akasema, bila kunitazama, "Lete hiyo yako."

"Ina malalamiko ya jinzi."

"Nimesema lete."

Nikaipandisha tovutini vilevile, jinzi na presha yake, sikupunguza hata nukta. Chini yake nikaandika jina langu kwa mkono wangu, la kwanza, la baba, mpaka la babu.