Sindano ya Adèle, Vidonge vya Riziki

Jumanne, tarehe kumi na tatu mwezi wa nne, mwaka 1954, njo siku nyumba yangu ilianza kuanguka. Ilianzia dispanseri, hapa Kindu, mbele ya macho yangu.

Muke wangu Riziki alikuwa na homa siku mbili. Kichwa kinamuuma, viungo vimelegea, baridi inamutetemesha na jua liko juu. Nikaomba ruhusa kwa kapita, musimamizi wetu wa kazi ya reli, nikamupeleka. Tulipanga mustari tangu alfajiri. Saa tatu akafika jirani yetu Louis, karani wa Serikali, amemushika muke wake Adèle begani. Yeye hakupanga mustari. Alitoa kadi yake, ile Bulamatari, Serikali ya Wabelgiji, alimupa ya kusema huyu ni mweusi mustaarabu, wakafunguliwa mulango wa pembeni. Kwa dirisha nikamuona Félicien, munganga mweusi wa pale, anajaza sindano na kumupiga Adèle pajani.

Ikafika zamu yetu. Félicien alimutazama Riziki macho na ulimi, akamuuliza kama anatapika. Riziki akasema hapana. Akapewa vidonge vya kinini ndani ya karatasi iliyokunjwa.

"Asubuhi, saa sita, jioni. Siku saba. Mwingine aingie."

"Munganga, na sindano?"

"Mwingine, nimesema."

Tukarudi nyumbani. Kwetu kila mutu anajua: sindano njo dawa, kidonge ni cha kukuondoa mulangoni. Na Louis huyu, baba yake alikuwa anapalilia mupunga wa baba yangu kule Kibombo. Leo muke wake anapigwa sindano, na wangu anatupiwa vidonge kama kuku anatupiwa pumba.

Siku ya tatu homa ikashuka. Riziki akaamka, akatwanga sombe, majani ya muhogo, akaanza tena kunicheka ninavyokula haraka. Nikachukua ile karatasi, nikaichomeka juu kwenye nyasi za paa.

"Baba Halima, munganga alisema siku saba."

"Munganga alikufukuza tu. Acha hivi vidonge, homa irudi kwa nguvu. Ataona mwenyewe, atakupiga sindano, upone mara moja kama muke wa karani."

Akanitazama. "Homa si mbuzi, eti unaifungua kamba halafu unaiita irudi."

"Basi wewe unataka dawa ya masikini?"

"Mimi nataka kumaliza sombe yangu," akasema. Hakuomba tena ile karatasi.

Jumapili asubuhi homa ilirudi, na nitasema ukweli, moyo wangu ulifurahi. Nikamukalisha nyuma ya baiskeli, nikasukuma mpaka dispanseri. Mulango umefungwa. Ilikuwa Pasaka ya Wakristo.

"Wakubwa wako kanisani," mulinzi akaniambia. "Na kesho pia ni sikukuu. Wenye kadi wanaweza kumuita munganga nyumbani. Uko na kadi?"

Kadi ilikuwa nyumba ya pili kutoka kwangu. Kubisha hodi tu. Lakini nimubishie Louis hodi, anitokee na viatu vyake vya Pasaka, nimwambie tafadhali bwana karani? Nikamurudisha Riziki, nikamulaza, nikasema itapoa.

Adhuhuri akaanza kuzungumuza na mama yake aliyekufa zamani. Kisha mwili ukakakamaa, macho yakageuka. Mutoto wetu Halima akapiga kelele, Adèle akasikia. Akaenda mwenyewe kumuita Félicien, anachechemea. Félicien akaja na nguo zake za misa, akamupiga Riziki sindano. Hivi njo alivyoipata ile sindano. Kabla ya magharibi akakata roho.

Siku ya tatu ya matanga Adèle alikuja, akakaa mukekani na muguu mumoja ameunyoosha.

"Baba Halima, unisamehe. Ile Jumanne nilimuonea Riziki wivu."

"Wewe? Wivu wa nini?"

"Mimi nilikuwa natapika hata maji. Kidonge kingekaa wapi? Wakanipiga sindano. Sasa paja limetunga usaha, hata kuchuchumaa siwezi. Yeye nilimuona anatoka kwa miguu yake, dawa mukononi. Nikasema, huyu mama yuko na bahati."

Nilisimama nikawaacha watu wa matanga, nikaenda moja kwa moja dispanseri.

"Ulimupiga Adèle dawa gani?"

"Kinini," Félicien akasema.

"Na wangu?"

"Kinini. Ni ile ile. Asiyeweza kumeza, ama akili zimemutoka, tunamupiga sindano. Anayeweza kumeza anameza, inafika ndani ya damu vilevile. Lakini amalize. Homa ikishuka siku ya tatu haijatoka, imejificha. Ukiacha dawa, inaongezeka tena ndani ya damu, na mara hii inaweza kupanda kichwani."

Nikamwambia wao njo walimuua, yeye na munganga muzungu na Bulamatari wao. Dawa moja, milango miwili: mutu atajuaje? Maneno haya aliyoniambia sasa hayakujaza hata dakika mbili. Louis alipewa mulango muzima. Riziki walimunyima dakika mbili.

Félicien hakukana. "Asubuhi ile nilipewa watu zaidi ya mia moja, na mukubwa, yule munganga muzungu, alikuwa amesimama nyuma yangu na saa mukononi."

"Njo vile munasema kila siku."

Akafuta sindano zake na pamba. Sasa ni mwaka wa pili. Ile karatasi iko bado kwenye nyasi za paa, vidonge vimegeuka rangi, na mimi sijavitupa. Kila nikipita dispanseri ninageuza uso, kwa sababu siku ile Félicien aliniuliza neno moja, na jibu sijamurudishia:

"Asumani, mulango uliuona, na sindano uliiona. Kama ningesimama kukuambia kwamba vidonge vyako ni sawasawa na dawa ya muke wa karani, ungenisadiki?"