Mbingu Yenye Mshono

...lakini ule waya uko wapi, alijiuliza fundi cherehani, amesimama mbele ya simba wa mawe anayetema maji, mkoba kaukumbatia kama anayengoja kuibiwa, maana kwenye picha ya marehemu mumewe, iliyokaa sebuleni miaka arobaini, waya ulikatiza angani pembe hadi pembe, na hapa juu ya bustani hii kongwe hakuna waya wala nguzo, ni mbingu tupu, safi, kama kitambaa kilichotoka kupigwa pasi... "Mama, sogea kushoto kidogo, Baba alisimama hapohapo," mwanawe alisema, simu mkononi, siku mbili za treni kamleta mama yake apigwe picha aliposimama baba, zitundikwe pamoja, na mama mtu akasogea, akatazama, simba huyu anaangalia langoni, yule wa sebuleni anaangalia mitini, "Hivi, mzee wangu, waya wa hapa waliuondoa lini?" akamuuliza mzee anayefagia majani, "Waya gani, bibi? Hapa tangu enzi za wafalme hakijaguswa kitu," "Hata simba?" "Simba akigeuka, mimi naacha kazi siku hiyohiyo," na hapo moyo ukamwenda mbio kama cherehani iliyokatikiwa uzi, mshono! si waya, ni mshono, vipande viwili vya kitambaa kilichochorwa bustani, kimeunganishwa vibaya, kimetundikwa ukutani kwa mpiga picha, na yeye, fundi, aliyefumua kola za mji mzima kwa sababu ya nusu uzi, kaupangusa vumbi ule mshono kila Jumamosi asiuone!... na yule bwana, mumewe, kila wakigombana, "Wewe umefika wapi, zaidi ya sokoni na kliniki?", naye anainama, anakanyaga cherehani, anameza, kumbe safari yote ya bwana ilikuwa hatua tano ndani ya studio, na nauli ya kurudi hakuhitaji... kicheko kikampanda, akakibana kwa meno, amwambie kijana? aliyejigamba shule nzima kwa picha ile, aliyevaa leo shati la baba yake, limembana kwapani, nililitengeneza mimi... "Baba angefurahi sana kukuona hapa," mwanawe akasema, "Angeshangaa," akajibu, basi, si lazima kila mshono ufumuliwe, zitundikwe tu pamoja, mwenye macho ataona, ila kufika kafika yeye, wa kwanza katika nyumba ile, kwa miguu yake yenye baridi yabisi, maji ya simba yanamrukia shingoni, baridi, ya kweli, na kesho aulize treni ile inaendelea mpaka wapi... "Mama, uko tayari? Mbona unacheka?" "Piga, mwanangu. Miguu ikate ukitaka, lakini mbingu iingize yote."