Kupimwa Upya

Mume wangu ni fundi cherehani, na tangu atoke hospitali na ile homa iliyompanda kichwani, anasema mimi si mke wake. Nafanana na mkewe, hilo anakubali. Sura ni yake, sauti ni yake, hata ubishi ni wake. Ila mke wake, anasema, wamemchukua, mimi nikawekwa mahali pake.

Daktari alinieleza taratibu kwamba huo si uongo wala ujinga. Ni imani isiyoguswa na ushahidi, maana kila ushahidi unaoletwa inaumeza na kuufanya wake. Nikamwambia humjui mume wangu. Sura anaweza kuisahau, lakini vipimo vyangu anavyo kichwani tangu ujana wetu. Bega langu la kushoto limeshuka kidogo, na kila nguo aliyonishonea aliweka kitambaa cha ziada kwa ndani ili watu wasijue. Hiyo ni siri yetu wawili tu.

Basi jana asubuhi nikaingia chumba chake cha kazi kama mteja, nikamwomba anipimie gauni. Akatoa futi shingoni, akapima kifua, kiuno, nyonga. Alipofika begani mkono ukasita. Akapima tena. Nikajua nimempata.

"Hata bega," alisema polepole. "Waliokuleta wamejitahidi, mama. Hili sikumwambia mtu yeyote."

Akakaa kwenye kiti cha cherehani, machozi yakamtoka. Nami nikalia, kila mtu na msiba wake. Nilipotaka kumshika akajivuta nyuma kwa adabu, kama anavyojivuta kwa wake za watu.

"Ukimwona," akaniambia, "mwambie namsubiri."

"Nitamwambia."

Mungu anisamehe, nilimwonea wivu huyo mwanamke. Anapendwa kiasi hicho, na wala hayupo kupika ninachopika wala kufua mashuka ninayofua.

Jioni nikamkuta anatoa godoro chumbani kwetu, analitandika sebuleni. Nikamuuliza kulikoni. Akasema nisimwelewe vibaya, mimi ni mtu mwema na hana ugomvi nami. Lakini ana mke, na mkewe akirudi akasikia kwamba alilala chumba kimoja na mwanamke mwingine, ataumia sana.