Sauti ya Baba Yao

Mume wangu Nzanzu anauza vipuri vya pikipiki hapa Butembo, lakini ukimuuliza kazi yake atakuambia anachambua habari. Kila jioni, taarifa ya redio ikiisha, anafunga mlango wa chumba, anakohoa, anabonyeza simu na kuwaeleza Wakongomani wote jinsi vita hii itakavyoisha. Jina lake hataji. Anajiita Mtoto wa Kivu, kana kwamba kuna jirani asiyemjua. Anaanza siku zote na "sikieni vizuri," kisha anawashukia wakubwa wa Kinshasa, majenerali, na zaidi ya wote wale waasi walioshika barabara ya kusini, Kanyabayonga, Kirumba, mpaka Alimbongo. Hao anawachana bila huruma. Audio, yaani sauti aliyojirekodi, inakwenda kwenye kundi la simu la mtaa, na kutoka hapo inakwenda inakotaka. Mimi napika huku nasikiliza, na nacheka, maana shujaa huyu anamwogopa hata mbwa wa jirani.

Sauti yenyewe ni ya marehemu baba yao, nzito na yenye mkwaruzo. Mdogo wake Kakule anayo ileile. Zamani za uchumba nilimlalamikia Kakule kwa simu muda mrefu, nikidhani ni Nzanzu, kwamba haji kuniona. Akanisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, ndipo akasema: shemeji, mimi ni Kakule. Jambo hilo lilichekesha familia miaka na miaka.

Kakule analima maharage Kirumba. Wale walipoingia hakukimbia, kwa kuwa shamba lilikuwa karibu kuvunwa, na mama mkwe wake, mama ya mkewe Léa, alikataa kabisa kuacha nyumba yake.

Jumanne Léa alinipigia. Watu wa kule hawazungumzi vita kwenye simu, wanaulizia watoto na mvua tu, lakini siku hiyo alikuwa amepanda kilimani peke yake na maneno yalimtoka mbiombio. Watu wenye bunduki walikuja kwenye mashine ya kusaga unga. Wakafungulia simu, sauti ya mume wangu ikatoka ikiwatukana, wakauliza nani anaijua. Wanawake wote pale waliijua. Kila mmoja alishanunua maharage ya Kakule, na kila mmoja aliamini ndiye. Hakuna aliyefungua mdomo. Wale wakasema wataitafuta sauti hiyo kwenye kila kizuizi mpaka waipate.

"Maman Ornella," Léa akaniambia, maana huniita kwa jina la binti yangu, "kesho tunatoka na camion ya maharage. Kakule atakuwa bubu, miye ndiye nitasema yote. Mama anabaki, tumemwambia tunaenda kuuza tu. Ambia yaya Nzanzu anyamaze."

Nilimpelekea Nzanzu maneno hayo dukani. Akakaa juu ya tairi. Kisha, kwa kuwa ni Nzanzu, akapata wazo: atoe audio mpya, ataje habari za Butembo za leo leo, wale wajue kwamba msemaji yuko huku. Nikamwambia vizuri sana, waisikie asubuhi, halafu mchana lori, hiyo camion, iwaletee Kakule na koo lenye sauti ileile. Akasema basi atataja jina lake waziwazi, lawama zote ziwe zake. Nikamwuliza kama kadi ya kitambulisho ya Kakule haina jina la baba yuleyule. Hapo akaitia simu mfukoni. Sijawahi kumwona mume wangu akiiacha simu, na niliogopa.

Jioni ile redio ilisoma habari, ikamaliza, na chumba hakikufungwa. Simu ikaanza kulia. Mtoto wa Kivu yuko wapi? Amelala? Ngalula akaja mwenyewe. Ni mwalimu kutoka Kasai, analipwa na serikali pale serikali inapomkumbuka, na ndiye anayesimamia kundi letu.

"Ma Kavira, batu bako nasema bale balishamununua bwana yako," akasema. "Mais miye nilikatala. Nikasema hapana, ule mutu ni wa kwetu."

Nilitamani kumweleza. Ni mwanamke mwema, ila mdomo wake hauna breki. Nikamwambia koo linamwuma.

Asubuhi vijana wa mtaa walikuja dukani. Waliuliza kwa heshima kwanza, kisha bila heshima. Nzanzu akawaonyesha koo lake. Mmoja akauliza kama siku hizi pesa inazibaga koo, mwingine akatamka lile neno ambalo hapa kwetu linaweza kukuua: infiltré, mtu wa adui aliyepenyezwa kwetu. Mume wangu, ambaye angemjibu hata rais, alipanga plagi kwenye rafu na kuzipangua tena. Nilimpenda pale kuliko siku ya harusi yetu. Niliona pia kwamba kama camion isipofika, tutakuwa tumempoteza Kakule kule na duka huku.

Camion ilifika mchana ukielekea kuisha. Léa alishuka kwanza. Kakule alishuka nyuma yake, mkono wa kuume umezungushiwa kitenge cha mke wake, na kitenge kimelowa damu. Nzanzu alimkimbilia, akamwita. Kakule alimtazama tu.

Léa ndiye aliyetueleza. Kwenye kizuizi cha mwisho, pale Alimbongo, kila mwanaume aliambiwa aseme "sikieni vizuri." Léa akasema huyu wake ni bubu tangu utoto, homa ilimharibu. Mmoja wao hakuridhika. Akaulaza mkono wa Kakule kwenye ubao wa camion, akaupiga na kitako cha bunduki, ili asikie sauti gani itatoka. Ilitoka pumzi tu. Wakawaacha wapite.

Nyumbani Kakule alinawa, daktari wa mtaa akamfunga vidole, akala kwa mkono wa kushoto. Redio ikasoma habari. Nzanzu alikuwa analia bila kujificha. Akatoa simu, akamwekea mdogo wake mapajani, akasema avunje, atupe, afanye anavyotaka. Kakule aliiangalia kidogo. Kisha akabonyeza pale Nzanzu anapobonyezaga.

"Sikieni vizuri," akasema, na mimi nikashtuka, maana ilikuwa sauti ya mume wangu na mume wangu alikuwa mbele yangu amefunga mdomo. "Leo siko na maoni. Niko naomba kitu kimoja tu. Hizi audio, muzisikilize na muzifute. Musitume Kirumba. Batu ba kule biko na masikio, na biko na shingo. Musitume."

Akaiachia ikaenda.

Kundi lilishangilia. Koo limepona! Karibu tena, kaka! Ngalula alipiga makofi nje ya ua, tukamsikia. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba ni mtu mwingine. Tulikuwa hatujalala wakati binamu yetu wa Beni aliponirudishia audio ileile, na juu yake imeandikwa kwamba imetumwa mara nyingi. Chini akaandika: hii ndiyo nzuri kuliko zote. Nzanzu akaifuta kwenye simu zetu. Ilikuwa kama kuchota mto kwa kikombe.

Katika hayo yote, hakuna aliyekumbuka kumpigia mama ya Léa kwamba wamefika.

Asubuhi, tukinywa chai, alipiga mwenyewe. Léa akaweka sauti kubwa ili sote tumsalimie. Nyuma yake tulisikia soko la Kirumba.

"Léa, mwanangu, Mungu asifiwe, mumefika," mama akasema, na alikuwa anacheka kwa furaha. "Usiku mzima sikulala. Sasa nimesikia mukwe wangu, iko nasema muzuri kabisa. Hawa baaskari biko namusikiza hapa kwa simu. Baliuliza nani anamujua, miye nikasema: si ni bwana ya mutoto wangu?"

Léa alishika ukingo wa meza.

"Biko hapa pembeni yangu," mama akasema. "Banataka kumusalimia. Umupatie simu."

Léa akanyoosha simu. Kakule aliitazama, akafunga mdomo, na machozi yakamshuka bila sauti yoyote.