Nakala za Saa Sita Mchana

...na usikiachie, mama, amesema, usikiachie hata ukiwashwa pua, basi sikiachii, nimekibana hiki kichwa cha waya wa laptopu kwenye tundu lake kwa kidole gumba kwa sababu ulimi wake wa plastiki umevunjika, nikilegeza kidogo tu taa ya kijani inazimika na binti yangu anaruka kama aliyekanyagwa, nami nimejikunja hapa kwenye kigoda nyuma ya televisheni, goti moja limeshakufa ganzi, pua kwa pua na kisanduku cheusi ambacho hakizidi mkate kwa ukubwa, kisanduku cha kuhifadhia, ndivyo alivyokiita siku alipokileta mwanzo wa muhula, "mama, yote yaliyomo kwenye laptopu yatakuwa yanajinakili humu yenyewe, hata laptopu ife hatupotezi kitu," na leo laptopu inakufa kweli, tangu asubuhi inagonga kwa ndani, ko, ko, ko, kama mtu aliyefungiwa kabatini, na fundi yuko kwenye simu, simu iko mezani imewekwa spika, sauti yake bado ina usingizi ingawa ni saa nne sasa, "dada, hebu nisomee tena hiyo orodha," na binti yangu anasoma, "nakala ya jana nyekundu, haikukamilika, ya juzi nyekundu, haikukamilika, ya Ijumaa nyekundu," anasoma kama mwalimu anayeita majina ya waliofeli, mimi shule sikuiona hata dirishani lakini nyekundu naijua, nyekundu ni nyekundu hata kwa asiyesoma... mia moja na kitu, zile sauti, ndicho kilichobaki cha mwanangu wa kwanza tangu tumzike mwaka jana, Kinyozi, kila mtu alimwita hivyo kwa kazi yake, hata mimi niliyemzaa, sauti alizokuwa akimtumia dada yake, huyu binti yangu, kwenye simu akiwa kazini, mashine inanguruma nyuma, wateja wanabishana mpira, "we dada, mwambie bosi," bosi ni mimi, "mwambie bosi leo nimepata kichwa cha mviringo pande zote, nimekizunguka robo saa natafuta uso uko wapi," halafu kile kicheko chake cha kukatika katika, hi, hi, hi, kama pikipiki inayokataa kuwaka, na simu ya dada yake ikatumbukia kwenye ndoo ya kufulia, tukashukuru kwamba alikuwa ameshazihamishia sauti zote kwenye laptopu, tukapumua, na Kadogo, binti wa Kinyozi tunayemlea, miaka mitatu, uso wa baba yake haukumbuki lakini sauti anaijua, akiisikia anaacha chakula anakwenda kuweka sikio kwenye laptopu na kuijibu, "baba nimekula," wakati hajala, mwongo mkubwa yule... "umeme hapo kwenu unakatikakatika?" fundi anauliza, "hapana, umeme upo," "nakala umezipanga saa ngapi?" na binti yangu anasema, "saa sita mchana, Jumatatu mpaka Ijumaa, naiacha laptopu imewaka ndipo natoka kwenda kumchukua mtoto chekechea"... saa sita... ee Mola wangu, saa sita, kidole kimeteleza, "mama! kidole!" nimekibana tena, taa imerudi, samahani mwanangu, nimesema, jasho limenitoka mgongoni kama nimemwagiwa maji, kwa sababu saa sita ni saa yangu, saa sita nasikia lango likifungwa, nahesabu nyayo zake mpaka kwenye kona, halafu natoa pasi chini ya kitanda, pasi niliyokatazwa tangu niliposahau nikaunguza pazia, "mama, kuanzia leo pasi usiiguse," alisema hivyo, kama mimi ndiye mtoto, na tundu la umeme linalofanya kazi sebuleni ni moja tu, hili hili la nyuma ya televisheni, na tunduni mna plagi ya kisanduku, sikujua kinanakili saa hizo, naichomoa, nachomeka pasi yangu, nikimaliza nairudisha ile plagi, kisanduku kinapepesa taa zake, nasema haya, kimeamka, hakuna aliyeumia, kila siku, muhula mzima, nikipiga pasi makoti meupe ya Kinyozi, yale manne ya kazini ambayo hayavaliwi na mtu, koti moja kwa siku, mabega kwanza, halafu ukosi, halafu mfuko alimowekea vitana, naning'iniza, na nguo isiyovaliwa haiwezi kujikunja lakini kesho nayakuta yamekunjika, nadhani mikono yangu yenyewe ndiyo inayakunja ikiyapapasa ili ipate cha kunyoosha... nimeua sauti yake ili ninyooshe nguo zake, mimi, mama yake, kwa mkono huu huu... "dada sikiliza," fundi anasema, "hicho kisanduku ni kibovu, kimekataa kazi tangu siku ya kwanza, halafu kimejaa hizo nakala nusunusu, nafasi hakina, kifute chote, tukikimbiza tutaokoa kinachosomeka kwenye laptopu kabla haijazima moja kwa moja," na binti yangu anauliza polepole, "na folda ya sauti?" "hiyo imeshagoma kufunguka dada, hiyo isahau," isahau, amesema isahau kama mwavuli ulioachwa kwenye basi, na binti yangu namwona mgongo tu, mabega yamepanda mpaka masikioni kama alipokuwa mdogo akizuia kulia mbele ya kaka yake asije akachekwa, na mimi, nisamehe Mungu, kitu cha kwanza kilichonijia kifuani ni nafuu, kisanduku ni kibovu, fundi kasema, mwenye kujua kasema, hakuna atakayeuliza pasi, nitakaa kimya, nitampikia, nitamkanda mgongo... marehemu mume wangu alinijua, "mama watoto, nikikuta umefagia uwanja mara mbili najua kuna kitu umevunja," nami nacheka nikikataa huku kipande cha sahani kiko kwenye kibindo, lakini sahani, baba watoto, ilikuwa sahani... "ukurasa wa pili nao umefunguka, mwekundu wote," binti yangu anasema, "wa tatu unasuasua," "usihangaike nao dada, ukishaona ishirini zimeungua hata zilizobaki ni hivyo hivyo, kisanduku ni kibovu tu"... lakini si kibovu, kwa nini nasikia hili neno linanigonga kama ile laptopu, si kibovu, ni mimi, na kama ni mimi basi siku ambayo mimi sikuchomoa kilifanya kazi yake, kilikula kikashiba, na je, kuna siku sikuchomoa, Jumatatu nilipiga, Jumanne nilipiga, mvua kubwa nilipiga, siku nilipong'olewa jino nilirudi nimefungwa kitambaa nikapiga... Kadogo alipoumwa, homa ile, mwezi juzi, Jumatatu mpaka Ijumaa hakwenda chekechea, binti yangu hakutoka, alishinda hapa sebuleni amempakata mtoto mapajani, nami nilizunguka nyumba nzima mikono ikiniwasha, nikafunga na kufungua mlango wa chumba changu, makoti yamening'inia, siku tano sikuigusa plagi, siku tano nzima, kwa hiyo huko chini, kwenye huo ukurasa unaosuasua, ziko tano ambazo si nyekundu, lazima ziwepo, Kinyozi yumo humu, yumo chini ya kidole changu, anacheka hi, hi, hi, na wanataka kukifuta... "bonyeza futa," fundi anasema, "inaniuliza kama nina uhakika," "bonyeza ndiyo," na mkono wa binti yangu uko juu ya kipanya, na nikisema atanijua, atajua kila saa sita ya muhula huu nilikuwa nafanya nini, atageuka na kuniangalia kwa macho yale ya siku ya pazia, pengine atanipeleka kwa shangazi yake ambako hakuna televisheni wala tundu wala mtoto, na aniangalie basi, anipeleke, "mwanangu," nasema, "mama subiri kidogo, usitikise waya," "mwanangu usibonyeze, kisanduku ni kizima, mimi ndiye ninayekizima, kila saa sita ukitoka nachomoa plagi napiga pasi makoti ya kaka yako," na sikunyamaza ili asipate nafasi ya kugeuka, "acha kuniangalia, angalia hiyo orodha, shuka chini, tafuta wiki ile Kadogo alipokuwa na homa, wiki ile ulikuwepo nyumbani, wiki ile sikupiga pasi."