Kiu ya Korola

Mwaka ule wa 2009 Andongwisye alikuwa na mambo mawili ya kujivunia: binti yake Goodness, aliyekuwa anaolewa Jumamosi, na Korola nyeupe aliyoinunua kwa kahawa ya misimu mitatu. Mbele ya ukoo mzima alikuwa ameapa kwamba bibi harusi ataingia kanisani Ihanda kwa gari la baba yake, na dereva ni baba yake mwenyewe. Kilichobaki ni gari kukubali, na gari lilikuwa na kiu.

Tena si kiu ya kawaida. Kutoka kwake Igamba hadi Tunduma lilimaliza lita mbili za maji, na ukichungulia chini huoni hata tone. Andongwisye akawa hatoki nyumbani bila madumu. Shemeji yake Enoka, mwenye pikapu, alishatangaza kwamba Jumamosi atakuwa ameiosha mapema, "ikitokea mtu amekwama."

Basi Alhamisi asubuhi akaamkia gereji ya Sufiani, Tunduma. Sufiani ni mtu wa Tanga aliyekuja mpakani kutembea wiki moja, na mwaka huo alikuwa anatimiza wa kumi na tano. Mkono wake mwepesi, mdomo mwepesi zaidi. Wiki zilizopita alishabadilisha mfuniko wa rejeta, akabadilisha mipira ya maji, akatia na maji ya kijani ili uvujaji uonekane. Siku hiyo alichomoa kijiti cha oili, oili safi, haina maji. Akanusa moshi, mkavu. Akalaza kipande cha boksi chini ya injini inayounguruma, boksi likatoka kama lilivyoingia.

"Mzee, maji hayapai mbinguni," alisema akijifuta mikono. "Kama nje hayaonekani, basi injini inayala ndani. Imebaki gasketi, ile ya kuziba chini ya kichwa cha injini. Kesho nafungua, hicho kichwa, yaani hedi, kinakwenda Mbeya kuchongwa, Jumanne unawasha."

"Jumanne! Sufiani, mwanangu anaolewa Jumamosi!"

"Gasketi haina kadi ya mwaliko, mzee wangu."

Andongwisye akakaa juu ya tairi bovu. Alimwona Enoka wazi kabisa, na ndoo na brashi, akisugua pikapu huku anapiga mluzi.

Kwenye kiti cha nyuma walikuwa wamebaki Goodness na bibi yake, Ferista, waliokuja kununua vitenge vya harusi. Ferista ni mama mkwe wa Andongwisye. Miaka ishirini na mbili hawajawahi kuzungumza ana kwa ana, maana ndivyo wanavyoheshimiana mkwe na mkwe kwenye ukoo wao. Kila Jumapili alimpeleka kanisani, bibi nyuma kushoto akitazama nje, yeye mbele akitazama barabara, na neno lolote likipita kwa Goodness. Walipendana sana kwa mtindo huo.

Sufiani hayo hakuyajua. Akafungua mlango wa nyuma.

"Shikamoo bibi! Mbona mabuti ya mvua na jua lote hili? Unakwenda kuchimba dhahabu?"

Masikio ya Andongwisye yakawaka moto. Mabuti hayo alikuwa ameyaona Jumapili ya tatu sasa, na yalimuuma kweli. Aliamini mkwe anawaonyesha watu kwamba Korola ya Andongwisye ni sawa na kupandishwa trela la mbolea. Angemuulizaje?

Ferista akamtazama Sufiani, akamtupia jicho mkwewe, akafunga mdomo. Goodness akaelewa.

"Baba, hebu sogea kidogo."

Ndivyo mwenye gari alivyokwenda kusimama nyuma ya lori linalosubiri kuvuka kwenda Zambia, kama mwanafunzi aliyetolewa darasani. Akasikia minong'ono, kisha kicheko cha Sufiani kilichowageuza hata wauza mahindi. Goodness akaja mbio.

"Baba, bibi anasema gari la mkwe halisemwi ubaya. Lakini kila Jumapili miguu inaloa, na soksi zake nyeupe za kanisa zimekuwa kijani. Ndiyo maana akanunua mabuti."

"Kijani?"

Alipofika, Sufiani alishainua kapeti la nyuma, na chini yake kulikuwa na bwawa la kijani, vyura tu ndio hawakuwepo.

"Hita!" Sufiani alijipiga kofi la utosi. "Ile rejeta ndogo nyuma ya dashibodi, inayokupa joto wakati wa baridi. Imetoboka. Maji yanapita chini ya kapeti, na ukipanda milima yenu yote yanarudi kwa bibi. Vioo haviingii ukungu kwa ndani?"

"Sufiani, Igamba kuna kitu gani kisichoingia ukungu?"

Hapo Ferista alijifunika uso kwa kitenge, mabega yakimtikisika. Gasketi ilikuwa nzima. Fundi akachomoa mipira miwili iendayo kwenye hita, akaiunganisha yenyewe kwa yenyewe, akakaza klipu. Nusu saa, kazi imekwisha.

"Hita huna tena, mzee."

"Nitavaa koti!" Andongwisye alijibu, na akamkumbatia na grisi zake zote.

Jumamosi aliendesha jicho moja barabarani, jingine kwenye mshale wa joto. Mshale haukutikisika. Kanisani Ihanda vigelegele vikapaa, naye akaruka nje na suti yake mpya, na badala ya kumfungulia bibi harusi mlango, akafungua boneti. Kwenye kikopo cha akiba maji ya kijani yalikuwa palepale kwenye mstari.

"Hata tone!" alipiga kelele, kwaya ikanyamaza. "Halijanywa hata tone!"

Watu wakashangilia bila kujua wanashangilia nini. Enoka naye akapiga makofi.

"Baba," sauti ikatoka dirishani, "na mimi je?"

Andongwisye akageuka. Mwezi mzima alihangaika ili wafike. Hakuwa amefikiria hata mara moja kwamba wakishafika, itabidi amteremshe. Akashika kitasa cha mlango, akasimama hivyo, kicheko bado usoni, machozi yakimtiririka. Kisha akafungua, akampa mwanawe mkono, wakaenda ndani polepole, naye hakujifuta.